SOMO LA MAZINGIRA: Kuutembelea Msitu wa Kakamega bila Kuumia Mfukoni

Mtoto wa Gusii hulijua jina la mnyama wa ukoo wake hata kabla ya kuanza shule. Wapo wa chui, wapo wa pundamilia, wapo wa kiboko na wapo wa tembo. Hata hivyo, wengi hukua, wakasoma na kuanza kazi bila kumwona mnyamapori yeyote isipokuwa kwenye kitabu au runinga. Sababu inayotajwa mara nyingi ni pesa. Utalii huonekana kuwa jambo la wageni kutoka ng'ambo na la matajiri wa Nairobi.

Ukweli ni kwamba msitu wa mvua wenye tumbili, pamoja na baadhi ya ndege na vipepeo wasiopatikana kwingine nchini, uko umbali wa kilomita 165 hivi kutoka mjini Kisii. Ni Msitu wa Kakamega. Familia, chama cha akina mama, kikundi cha vijana au darasa la shule linaweza kuutembelea kwa matatu, likalala usiku mmoja na kurudi nyumbani kesho yake. Somo hili linaeleza msitu wenyewe, namna ya kupanga safari, kazi ya mwongozaji, na kile ambacho mkazi wa Kisii au Nyamira anaweza kurudi nacho shambani kwake.

MSITU WA NAMNA YAKE

Zamani ukanda wa misitu ya mvua ulianzia Afrika Magharibi, ukapita Kongo na Uganda hadi magharibi mwa Kenya. Msitu wa Kakamega ndio kipande cha mwisho cha ukanda huo upande wa mashariki. Ndiyo maana baadhi ya ndege, nyoka na vipepeo wake ni jamaa za wale wa Kongo, na hapa Kenya hawaonekani mahali pengine.

Msitu uko kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, miaka michache tu baada ya watu kumiminika Kakamega kutafuta dhahabu. Eneo lililotengwa ni karibu kilomita mraba 240, ingawa sehemu yenye miti ya kiasili iliyosimama vizuri ni ndogo kuliko hapo. Sehemu nyingine ni nyasi, miti ya kupandwa na maeneo yaliyowahi kukatwa.

Jambo moja litamgusa mkazi wa Gusii. Msitu huu haukubaki kwa sababu watu walikuwa wachache. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kakamega ina zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba, na jirani yake Vihiga ina zaidi ya 1,000. Kisii ina zaidi ya 950 na Nyamira zaidi ya 670. Yaani wanaoishi kando ya msitu huo wanabanwa na uhaba wa ardhi, kuni na malisho vilevile kama watu wa huku. Msitu umesimama kwa sababu ya sheria, na pia kwa sababu baadhi ya majirani wake wamepata riziki kwa kuulinda.

PANDE MBILI, MALANGO MAWILI

Anayepanga safari anapaswa kujua mapema kwamba msitu una pande mbili zinazosimamiwa na mashirika mawili.

Upande wa kaskazini, Buyangu, ni Hifadhi ya Taifa ya Kakamega iliyoanzishwa mwaka 1985. Unasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Lango lake limo kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, karibu kilomita 20 kutoka mjini Kakamega. Hapa pana njia za kwenda Kilima cha Buyangu, ambako mgeni huuona msitu wote kwa juu, na njia ya maporomoko ya Mto Isiukhu. Pana pia vibanda vya kulala na uwanja wa kupiga hema. Kipande kidogo cha Kisere, kilichojitenga na msitu mkuu, kiko upande huu wa kaskazini.

Upande wa kusini, Isecheno, unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Anayetoka Kisumu hushuka Khayega kabla ya kufika mjini Kakamega, kisha huingia ndani kupitia Shinyalu. Huku ndiko kuliko na Kilima cha Lirhanda, chenye handaki la zamani la kuchimba dhahabu ambalo sasa limekuwa nyumba ya popo. Miti ya huku ni mikubwa na mirefu, na njia zake nyingi ni tambarare, kwa hiyo zinawafaa hata wazee na watoto.

Kila upande una malipo yake. Risiti ya Buyangu haimwingizi mtu Isecheno. Mwenye siku moja tu achague upande mmoja na autembelee kwa utulivu.

SAFARI KUTOKA GUSII

Barabara ni moja. Kutoka Kisii gari hupitia Oyugis, Sondu, Katito na Ahero hadi Kisumu. Kutoka Kisumu hupanda Kiboswa, Majengo, Mbale na Chavakali hadi Khayega na Kakamega. Kwa matatu za kawaida, pamoja na kusubiri gari kujaa, abiria ahesabu saa nne hadi tano. Kwa hiyo kwenda na kurudi siku moja kunawezekana, lakini muda mwingi utaishia barabarani. Tena wanyama wa msituni huonekana vizuri alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Anayelala karibu na msitu usiku mmoja hufaidi kuliko anayefika saa saba mchana jua likiwa kali na tumbili wamelala.

Msimu mzuri ni Desemba hadi Machi mwanzoni, wakati mvua imepungua na njia zimekauka. Aprili na Mei mvua huwa kubwa na matope huwa mengi. Hata hivyo, msitu wa mvua hauna siku ya uhakika. Mwavuli au koti la mvua huingia kwenye mkoba mwezi wowote.

HESABU YA GHARAMA

Gharama ya safari hii ina mafungu matano: nauli, kiingilio, malipo ya mwongozaji, malazi na chakula. Bei hubadilika, kwa hiyo kiongozi wa kikundi aulize viwango vya sasa kabla ya kuchangisha. Kinachoweza kufundishwa hapa ni namna ya kuvipunguza.

Kwanza, nauli. Kikundi kikikodi gari, gharama hushuka kadiri watu wanavyoongezeka. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Gari la abiria 14 likikodiwa kwa shilingi 21,000 kwenda na kurudi, kila mmoja atalipa 1,500. Wakiwa saba katika gari hilohilo, kila mmoja atalipa 3,000. Watu wawili au watatu ni nafuu wapande matatu za kawaida na kubadilisha Kisumu.

Pili, kiingilio. Raia wa Kenya hulipa kiwango cha chini sana kuliko mgeni wa kigeni, lakini sharti athibitishe uraia. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa. Mtoto abebewe nakala ya cheti cha kuzaliwa. Shule iandike barua rasmi mapema na kuulizia viwango vya wanafunzi. Malipo ya KWS hufanywa kwa njia ya kidijitali kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu. Mtu yeyote anayesimama nje ya lango akidai kupokea pesa za kiingilio mkononi asipewe. Ni vyema malipo yafanywe mtandao ukiwa mzuri, hata kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa karibu na msitu simu huweza kukosa mawimbi.

Tatu, malazi. Bei nafuu zaidi ni hema, kisha vibanda rahisi vya pande zote mbili, kisha nyumba za wageni mjini Kakamega. Zipo pia hoteli za bei ya juu ndani ya msitu. Anayelala mjini akumbuke kuhesabu nauli ya alfajiri ya bodaboda au matatu kufika langoni.

Nne, chakula. Vibanda vingi vina mahali pa kupikia. Kikundi kinachobeba unga, mboga, ndizi na majani ya chai kutoka nyumbani huokoa pesa nyingi.

Lakini kuna sheria moja isiyosahaulika. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na maeneo mengine yaliyohifadhiwa. Chupa za maji za kununua, sahani za plastiki na mirija haziruhusiwi. Maji yabebwe katika chupa ya kudumu au kibuyu.

Chama kinaweza kugharamia yote haya bila mkopo. Wanachama wakiweka shilingi 200 kila wiki, baada ya wiki 20 kila mmoja ana 4,000. Wakianza Julai, wako tayari kwa safari ya Desemba.

KWA NINI MWONGOZAJI

Fungu ambalo watu hujaribu kuliruka ni la mwongozaji. Hilo ni kosa. Kwenye mbuga ya nyika, twiga huonekana hata na asiyejua kutazama. Msituni mambo ni tofauti. Mtu anaweza kutembea saa mbili bila kuona chochote isipokuwa majani, huku mbega watano wamekaa juu ya kichwa chake.

Waongozaji wa Kakamega ni vijana na wazee wa vijiji vya jirani waliojifunza majina ya miti, milio ya ndege na njia zote. Isecheno wako chini ya kikundi cha KEEP, na Buyangu wako chini ya KABICOTOA. Vikundi hivi vilianzishwa na wenyeji ili kuunganisha utalii na uhifadhi. KEEP pia hufundisha watoto wa shule za jirani kuhusu msitu. Shilingi inayolipwa mwongozaji huingia katika nyumba ambayo bila hiyo pengine ingetegemea makaa au mbao za wizi.

Kabla ya kuanza kutembea, kikundi kikubaliane na mwongozaji mambo manne: ni bei gani na je ni ya kila mtu au ya kikundi chote, matembezi ni ya saa ngapi, njia ni ipi, na lugha ni ipi. Wengi wao huzungumza Kiswahili kizuri. Mwongozaji aonyeshe kitambulisho cha kikundi chake. Kikundi kikubwa kigawanywe, kwa sababu watu 30 wakitembea pamoja huwakimbiza wanyama wote.

YANAYOONEKANA NA MAANA YAKE

Wa kwanza kuonekana huwa ni tumbili. Mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani hula majani. Hana kidole gumba, na tumbo lake husaga majani magumu karibu kama la ng'ombe. Kima hupita chini kidogo ya mbega. Tumbili mwekundu wa mkia hutambulika kwa alama nyeupe puani. Katika kipande cha Kisere yuko tumbili adimu wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa.

Kwa ndege, Kakamega ina zaidi ya aina 300. Shorobo mkubwa wa buluu huruka kwa uzito kutoka mti hadi mti, na watu hutoka Ulaya kuja kumwona. Hondohondo husikika kabla ya kuonekana, kwani mabawa yake huvuma kama upepo. Maisha yake yana funzo. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa kutaga, na mlango huzibwa kwa udongo hadi ibaki nafasi nyembamba. Dume humlisha jike na vifaranga kupitia nafasi hiyo kwa wiki nyingi. Tundu la namna hiyo halipatikani kwenye mti wa miaka kumi. Ukikatwa mti mzee mmoja, familia ya hondohondo imekosa nyumba, na hakuna mche utakaoweza kuirudisha katika maisha ya aliyeukata.

Naye hondohondo huulipa msitu. Hula matunda ya miti ya jamii ya mkuyu na kudondosha mbegu mbali. Mbegu nyingine huota juu kwenye tawi la mti mwingine, zikashusha mizizi hadi ardhini, na baada ya miaka mingi mti uliobebeshwa mzigo huo husongwa hadi kufa. Mwongozaji huwaonyesha wageni miti hiyo iliyobaki na uwazi katikati, pale mwenyeji wake aliposimama zamani.

Mwongozaji atawaonyesha pia mti wa Prunus africana, ambao gome lake huuzwa kwa ajili ya dawa za tezi dume. Kwa sababu ya biashara hiyo, tangu 1995 mti huo umewekwa chini ya udhibiti wa kimataifa. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Likichukuliwa upande mmoja kwa uangalifu, huweza kupona.

Usiku msitu hubadilika. Kwa tochi na mwongozaji, aliye na bahati huweza kumwona poto, mnyama mdogo wa jamii ya komba anayetembea polepole sana matawini.

USALAMA NA ADABU

Msitu una nyoka wenye sumu, wakiwamo kifutu na swila wa msituni. Wengi wao humkwepa binadamu, na hatari huja mtu anapokanyaga pembeni mwa njia au kuweka mkono asipopaona. Viatu viwe vya kufunika mguu na suruali iwe ndefu, iliyoingizwa ndani ya soksi. Soksi huzuia pia siafu, ambao huvuka njia kwa maelfu. Eneo hili lina malaria, hivyo chandarua na dawa ya kufukuza mbu ni muhimu.

Nyani na tumbili wasilishwe chakula hata kidogo. Tumbili aliyezoea mkate wa mgeni hugeuka mwizi wa mahindi ya mwanakijiji, na mwisho wake huuawa. Muziki wa simu uzimwe. Ua, jani la dawa au kipepeo havibebwi nyumbani.

SOMO LA KURUDI NALO

Safari hii inaweza kuishia kwenye picha za simu. Inaweza pia kuanzisha jambo. Mgeni kutoka Gusii akisimama kando ya Isiukhu ataona kijito kinachotoka chini ya miti ya kiasili kikiwa na maji hata kiangazi. Kisha atakumbuka chemchemi ya kijijini kwao, na mikaratusi iliyopandwa bondeni kando yake. Mkaratusi hukua haraka na huleta pesa za mbao, nguzo na kuni za viwanda vya chai, ndiyo maana umependwa. Lakini hunywa maji mengi, na mahali pake si kando ya chemchemi wala kijito. Ukipandwa mbali na maji, juu ya kilima, mkulima hupata faida bila kuwanyima majirani maji.

Kando ya maji panafaa miti ya kiasili ambayo wazee wa Gusii wanaijua kwa majina: omosocho, omotembe wenye maua mekundu, na mingineyo. Si lazima mtu awe na ekari. Hata mstari mmoja wa miche kando ya kijito unaopitia mashamba kumi huwa njia ya ndege na ngao ya udongo.

Na panapo msitu, kuna sheria inayowapa wakazi nafasi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu majirani wa msitu kuunda chama cha jamii na kushirikiana na KFS katika kuusimamia. Huko Kakamega kipo chama cha Muileshi. Gusii nayo ina vipande vya misitu na vilima ambavyo vingeweza kulindwa na kutembelewa kwa njia hiyohiyo. Aliyemwona kijana wa Shinyalu akilipwa kwa kutaja jina la ndege ataelewa upesi kwamba mti uliosimama nao huweza kulipa karo.

KWA MUHTASARI

1. Chagua upande mmoja: Buyangu (KWS) au Isecheno (KFS).
2. Ulizia bei za sasa, kisha anzeni kuchanga miezi mitano mapema.
3. Bebeni vitambulisho, vyeti vya watoto au barua ya shule.
4. Lipeni kiingilio kwa njia rasmi na mtunze risiti.
5. Acheni plastiki za kutumiwa mara moja nyumbani.
6. Laleni karibu na muingie msituni alfajiri pamoja na mwongozaji wa eneo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI AU DARASANI

1. Kwa nini hondohondo hawezi kuishi katika shamba la mikaratusi la miaka kumi?
2. Watu wa Kakamega na Vihiga wanabanwa na uhaba wa ardhi kama watu wa Gusii. Ni mambo gani yamesaidia msitu wao kubaki?
3. Chemchemi iliyo karibu zaidi na kikundi chenu imezungukwa na miti gani, na ni nani aliyeipanda?
4. Wazee wa kijiji wanakumbuka wanyama gani waliokuwa wakionekana huku walipokuwa watoto? Waandikeni majina yao kwa Ekegusii na kwa Kiswahili kabla hayajasahaulika.